Mama yangu aliitwa mchawi kwa sababu ya mdudu wa kwenye kokwa la embe

Wakuu, habari za humu ndani.

Mnaotaka kuniamkia, marahaba, nimepokea kwa wote mara moja. Mimi ni bibi wa Kahama, umri umeshavuka themanini, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Sitatia chumvi. Chumvi ilishatiwa na wengine zamani, na ndiyo iliyotuhamisha kijijini kwetu.

Kilichoniamsha ni picha aliyoweka kijana mmoja humu juzi. Kapasua kokwa la embe, kakuta mdudu mweusi ndani, mzima, anatembea, na kokwa lenyewe halina tundu. Akauliza, huyu kaingiaje?

Nikashuka kwenye komenti nikitegemea kukuta mtu wa kilimo. Nikakuta "hapo umerogwa mkuu", "tafuta mtaalamu mapema", na mwingine anamshauri amwangalie vizuri mama mkwe wake.

Nikaweka simu pembeni, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi bado nina hasira. Sasa ngoja niseme.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Tulikaa kijiji kimoja ambacho ukitoka asubuhi kwa miguu, saa za chakula cha mchana uko Kagongwa. Baba alikuwa ameshafariki. Mama yangu, aliyeitwa Mama Kabula kwa jina langu mimi, alibaki kwenye mji wa mumewe kwa sababu ya miembe.

Miembe aliipanda mwenyewe alipoolewa. Kwa desturi ya kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya ukoo wa mume. Shemeji zake wangeweza kumpunguzia shamba, na walimpunguzia kweli. Miembe hawakuweza kuigusa, na hilo liliwauma.

Zilikuwa embe za kienyeji, ndogo, zenye nyuzi za kubaki kwenye meno, na kokwa lake jembamba. Dodo, zile kubwa zenye kokwa pana, zilikuwa kwa mwanangwa peke yake. Mwanangwa ndiye alikuwa mkubwa wa kijiji chini ya mtemi. Mbegu ya dodo aliitoa Tabora, na hakuna mgeni aliyekaa kwake dakika tano bila kuambiwa habari hiyo.

Mwaka ninaousema mvua ilitudanganya. Ilinyesha kidogo, tukapanda, ikaondoka. Mavuno yakawa ya kuokoteza. Ilipofika msimu wa embe, vihenge vya watu vilikuwa vimebaki vumbi.

Embe zilikuwepo, watoto walikula mpaka midomo ikababuka. Lakini embe halikai tumboni. Ndipo wanawake wakakumbuka kazi ya bibi zao, unga wa kiini cha kokwa.

Vijana hamuijui hii. Kokwa unalianika mpaka likauke, unalipasua kwa kishoka, unatoa kile kiini. Unakikatakata, unakiloweka, unakichemsha na kumwaga maji mpaka uchungu utoke. Kisha unaanika tena, unatwanga na kuchanganya na udaga, ule unga wetu wa muhogo uliovundikwa. Ugali wake mweusi na unanata kwenye vidole, ila unalala umeshiba.

Mama aliwaita majirani waje kuokota makokwa chini ya miembe yake. Hakumtoza mtu chochote. Hilo mlikumbuke mnapoendelea kusoma, maana wao walilisahau haraka sana.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Masanja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Walikaa uani na mama, mmoja anapasua, mwingine anatoa viini. Mimi, binti niliyekuwa nimeshapevuka, nilikuwa nachochea moto.

Mama Masanja akapasua kokwa moja, akaliinamia. Kiini kilikuwa kimeliwa, kimekuwa unga mweusi, na katikati ya ule unga amekaa mdudu. Mdogo, wa kijivu cheusi, ana mdomo mrefu umechongoka. Ukimgusa anajikunja miguu anajifanya amekufa, ukimwacha anaondoka zake.

Mama Masanja akaligeuza lile ganda huku na huku. "Mama Kabula, huyu kapita wapi?"

"Labda kuna tundu hatulioni," mama akasema.

"Hakuna. Nimelipasua mwenyewe, lilikuwa limefunga."

Wakapasua la pili, mdudu. La tatu zima. La nne, mdudu. Mama Masanja akaweka kishoka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kaniki yake, akasema amekumbuka ana mtoto mgonjwa. Hakuwa na mtoto mgonjwa.

Niwaeleze hapa hapa ili msije mkasumbuka kama sisi. Mdudu huyo hatoboi kokwa gumu. Mama yake anataga yai juu ya embe likiwa changa kabisa, dogo kuliko jicho la mbuzi. Kifunza kinatoboa nyama laini, kinaingia kwenye kokwa ambalo bado ni laini, halafu embe linakua na kidonda kinajifunga. Kokwa linakuwa gumu mdudu akiwa tayari yumo ndani. Basi, hakuna muujiza. Ila mimi nilikuja kulielewa hilo nikiwa na wajukuu, na sisi tulikuwa tunapasuliana makokwa mwaka wa njaa.

Habari ilizunguka kijiji kabla uji haujapoa. Wakasema Mama Kabula amefungia wadudu kwenye makokwa ili watu wasipate unga. Wakasema ndiyo maana aliwaita wote, awalishe uchawi wake. Mwanamke aliyegawa chakula chake bure akawa ndiye anayeua watu kwa njaa. Mpaka leo nikilifikiria hilo damu inapanda.

Neno lililotumika ni nogi, yaani mchawi. Kwa Msukuma hilo halikuwa neno la utani enzi hizo, na hata sasa mnajua yanayowapata vikongwe wa kwetu. Ukishaitwa hivyo, kisima kinakuwa kirefu na njia zote zinakuwa na miiba. Mama alisalimia asubuhi, "Mwangaluka," na watu wakapita wakiangalia miguu yao. Mwanamke aliyewazalisha nusu yao.

Mwanangwa akaita baraza.

Mama alisimama katikati akaulizwa mdudu kaingiaje. Akajibu hajui. Akaulizwa kwa nini wadudu wako kwenye makokwa yake tu. Akajibu, naomba kila mwenye mwembe alete makokwa yake tuyapasue hapa, tuone kama ni kwangu tu.

Wakuu, ombi rahisi hivyo. Kishoka kilikuwepo, embe zilikuwepo. Kazi ya kumaliza kabla jua halijasogea.

Hakuna aliyeinuka. Mwanaume mmoja akasema ya kwake ni safi, hana haja ya kupasua. Mwingine akasema hivyo hivyo. Zamu ya mwanangwa ilipofika akasema dodo haliingiwi na uchafu.

Nilidhani ni ubishi tu. Kumbe kila mmoja alikuwa ameshapasua kwake, ndani, mlango umefungwa, na alichokiona amekiona. Sasa utapasuaje mbele za watu? Akitoka mdudu na wewe ni nogi. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na mdudu yule yule, na kijiji kizima kikaapa hakimjui, ili abebe mtu mmoja.

Baraza likaamua mama asiguse embe zake wala asigawe, mpaka "atakapofungua".

Wiki chache zikapita, nikaanza kuona kitu. Kila asubuhi makokwa chini ya miembe yetu yameongezeka. Sisi tumekatazwa kuchuma, embe zetu zinaanguka chache, lakini rundo linakua. Mama akasema nimechoka na njaa, naona vitu.

Siku moja mchana, watu wote wakiwa shambani, mimi nilirudi kuchukua jembe lingine. Nikamkuta Mama Masanja anamimina makokwa kutoka kwenye kikapu chake, chini ya mwembe wetu mkubwa. Alipoyamaliza akakung'uta kikapu, akageuka, tukaangaliana.

"Nayarudisha kwa mwenyewe," akaniambia. "Wote tunarudisha. Mwambie mama yako achukue vitu vyake atuache."

Hakuona aibu hata kidogo. Kwa mawazo yake alikuwa anafanya jambo la haki, kitu kibaya unakirudisha kilikotoka. Mnaelewa walichokuwa wanafanya lakini? Walikuwa wanaokota wadudu wa kijiji kizima na kuwalundika sehemu moja, chini ya miti yenye magamba ya kujifichia, wasubiri msimu ujao. Ungewalipa watu wafuge mdudu wasingefanya vizuri zaidi.

Nikaanza kuchambua lile rundo. Makokwa mapana, mapana, mapana. Dodo. Sisi hatuna dodo, na mwenye dodo kijijini ni mmoja.

Baraza lililofuata nilikwenda na kikapu kichwani. Binti hakupaswa kusema barazani, na mama alinivuta nguo, lakini nilikuwa nimejaa. Nikayamwaga makokwa ya dodo mbele ya miguu ya mwanangwa, nikapasua moja. Mdudu. Nikapasua lingine. Mdudu.

Wazee wakaangalia yale makokwa, kisha wakaangalia upande mwingine. Kila mmoja aliyekuwa pale alijua dodo ni la nani. Nikamwona Mama Masanja ameinamisha kichwa, nikafikiri tumepona.

Mwanangwa akavuta kiti chake nyuma kidogo. Akasema, "Mnaona sasa. Kumbe Mama Kabula alikuja mpaka kwangu akayachukua."

Na watu wakaitikia. Watu wazima, wenye akili zao, waliotoka majumbani kwao na vikapu wakaja kumwaga kwetu kwa mikono yao wenyewe, wakaitikia.

Siku ile waliukata mwembe wetu wa kando ya njia, ule mkubwa kuliko yote. Walisema unawapitishia watu uchafu. Mama alikaa mlangoni akiangalia. Waliokata walikuwa vijana ambao utotoni walikuwa wakiukwea mti ule ule, na mmoja alianguka kutoka juu yake akavunja mkono, na mama ndiye aliyemfunga.

Mimi nililia kwa hasira. Mama hakulia, na hilo nalo lilitafsiriwa kuwa ni uchawi.

Msimu uliofuata mvua ilikuwa nzuri, njaa ilikwisha, lakini embe zilikuwa balaa. Wale wadudu waliolundikwa kwetu walikuwa wametambaa kote. Nyingine mdudu alikuwa anatoka nje kabisa kupitia kwenye nyama, embe linaoza upande mmoja. Hapo aliyeumia zaidi ni mwenye dodo, maana wachuuzi walizichukua kwenda kuziuza kwa wachimbaji huko machimbo ya Geita. Mchimbaji ametoka shimoni, anamenya embe lake, anatokewa na mdudu. Wachuuzi wakaacha kuja.

Sasa ndiyo wakatukumbuka. Mwanangwa mwenyewe, na wazee wawili, na Mama Masanja nyuma yao. Walikaa uani kwetu, pale pale pa kupasulia makokwa. Hawakuja kuomba radhi. Walikuja kumwomba mama "afungue".

Nilimwambia mama kwa sauti, wakiwa wanasikia, asiwape hata maji. Waache embe zao zioze mpaka mti wa mwisho.

Mama akaniambia ninyamaze. Kisha akawauliza, "Bwana shamba anatulazimisha kufanya nini na miti ya pamba tukishavuna?"

Wakajibu kung'oa na kuchoma.

"Kwa nini?"

"Wadudu wasibaki mpaka mwaka kesho."

"Basi fanyeni hivyo hivyo. Okoteni kila kokwa, kila embe lililoanguka, kila mji. Msirundike kwangu wala kwa mwingine. Chomeni yote. Na magamba ya mti myakwangue, mkichome kinachotoka. Mimi sijui zaidi ya hapo, na sikufunga kitu chochote."

Maneno yake yalikuwa wazi namna hiyo. Mwanangwa akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza, "Tuanze siku gani?"

"Leo."

"Tukiangalia wapi?"

"Angalieni chini, ndiko makokwa yaliko."

Mzee mmoja akauliza kama wanaume waoge kwanza. Mama akanitazama. Ni mara yangu ya pekee kumwona karibu acheke katika habari hii yote.

Walichoma. Walipokuwa wanachoma walipiga ngoma, na walivaa nguo nyeusi ambazo hakuna aliyewaambia wavae. Lakini kazi waliifanya sawasawa, kijiji kizima, kwa sababu waliogopa. Wangeambiwa na bwana shamba wangefanya nusu.

Usiku baada ya kula nilimuuliza mama kwa nini amewaambia. Akasema, "Nikisema ni nogi. Nikinyamaza ni nogi. Bora waniite hivyo watoto wao wamekula."

Mwaka mwingine embe zilikuwa safi. Si zote, lakini ulipasua makokwa mengi ukakuta kiini cheupe. Wachuuzi wakarudi. Na mimi, mjinga, nikafikiri sasa wataelewa, moto umeua wadudu kama unavyoua wa pamba, na mama atasalimiwa njiani.

Mwanangwa akaja na mbuzi. Akamshukuru mama mbele za watu, kwa sauti, kwa kufungua.

Mnaona mtego huo? Akipokea, amekiri kuwa ndiye aliyefunga. Akikataa, hajaridhika, atafunga tena. Mimi niliuona pale pale, na nikaona mama naye ameuona.

Alikataa. Akasema kwa upole, sikufunga, sikufungua, mlichoma wenyewe kwa mikono yenu. Mwanangwa akaogopa, akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya mlango wetu akaondoka haraka. Asubuhi mama akamfungua. Mbuzi akafanya anachofanya mbuzi yeyote, akarudi kwao.

Basi. Mbuzi kurudi mwenyewe kwa mwanangwa bila mtu kumswaga ikawa habari ya kutisha kuliko ya wadudu. Ametumwa. Akachinjwa akafukiwa, hakuna aliyethubutu kumla. Wanawake wajawazito wakaanza kupita njia ya mbali.

Kabla ya mvua kuanza tulikuwa tumeondoka. Mjomba alikuwa anachimba dhahabu Nyarugusu, akatupokea. Mama aliiacha miembe yake yote imesimama, hakuuza, hakumwachia mtu. Nyarugusu alipika na kuuza uji kwa wachimbaji, akaishi vizuri kwa miaka, mpaka siku mchuuzi mmoja kutoka Kagongwa alipomtambua. Akanywa nusu ya uji, akaweka bakuli chini, na kesho yake wateja wakapungua.

Mama yangu alifia huko. Kwenye msiba wake nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu ndiye aliyewahi kufunga embe za kijiji kizima, halafu akazifungua. Na alilisema hilo la kuzifungua kwa kumsifu.

Hilo ndilo linaloniuma, wakuu, kuliko mwembe uliokatwa. Wema wake ndio uliotumika kuwa ushahidi. Angewaacha wapate hasara, huenda wangekuja kusahau. Aliwasaidia, miembe ikapona, wakapata uhakika.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye kupiga kelele za uchawi mara nyingi ameshapasua kokwa lake ndani kwake, na anajua kilichomo. Anachotafuta ni mahali pa kwenda kulimwaga.

Kijana mwenye picha, hujarogwa. Okota makokwa yote chini ya mwembe wako uyachome, na umpigie simu mama mkwe wako umsalimie.

Na nyie mliomwandikia yale, msimu ndio huu. Kila mmoja akapasue makokwa matano ya nyumbani kwake, apige picha, aweke hapa chini tuone. Mama yangu aliomba hivyo hivyo barazani na hakuna aliyeinuka. Nawasubiri.